Umekaa kutafakari na hutulii? Kagua mwili na chumba kwanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameanza. Unajua kukaa, kufumba macho au kuyaacha nusu, kuifuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani, na kurudi kwenye pumzi kila unapopotea. Umefanya hivyo kwa muda hapo Mbeya, Iringa, Njombe au Makete, na sasa kuna kitu kinakukwamisha. Karibu kila anayekuja kuuliza huanza hivi: "Akili yangu haitulii." Mimi humuuliza kwanza anakaa chumba gani, juu ya nini, alikula saa ngapi na jana alilala saa ngapi. Mara nyingi tatizo linapatikana kabla hatujafika kwenye akili.

Mpangilio huo ni wa zamani. Mafundisho ya Buddha ya kuzingatia pumzi yana hatua 16. Mwanafunzi anaambiwa aende msituni, chini ya mti au kwenye chumba kitupu, akunje miguu, anyooshe mwili, ndipo aanze. Kutuliza mwili ni hatua ya nne. Kutuliza yanayoisukuma akili ni hatua ya nane. Watu wengi wanataka kuanzia ya nane, huku goti linawaka moto na tumbo limejaa ugali.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu

Naanza na hili kwa sababu linaweza kuua. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya nyanda za juu inapokaza, watu huingiza jiko la mkaa chumbani. Dirisha limefungwa, chini ya mlango pamezibwa kwa tambara, na mtu anakaa kimya karibu na sakafu nusu saa au zaidi. Baada ya muda kichwa kinaanza kugonga, mwili unakuwa mzito, mawazo yanafifia. Hapo ndipo hatari ilipo: ule uzito na ule mfifio vinafanana sana na utulivu. Mtu anaweza kudhani leo amezama kuliko siku zote, kumbe anavuta sumu.

Sumu hiyo ni hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Mkaa ulioshika vizuri, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaitoa. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa na mwili bado unakosa hewa. Ukisikia kichwa kinauma karibu na jiko, usiendelee "kuangalia maumivu" kama ulivyofundishwa kuangalia muwasho. Toka nje sasa hivi, watoe na wenzako, na kama kuna kichefuchefu, kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, nenda hospitali na uwaambie wazi kwamba mlikuwa na jiko la mkaa ndani. Kama watu wawili mmekaa chumba kimoja na wote vichwa vinauma, usitafute sababu nyingine.

Jiko libaki nje. Tumia soksi mbili, kofia, blanketi la kufunika kuanzia kiunoni hadi miguuni, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga ukaiweka mapajani.

Kuna kizunguzungu kingine kisicho cha mkaa. Vidole vinafanya ganzi, midomo inachezacheza, kichwa kinakuwa chepesi. Huyo anapumua kupita kiasi: ameambiwa aizingatie pumzi, naye ameanza kuivuta kama anapuliza tairi. Hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua sana kwenye damu, na mwili unalalamika. Acha kuivuta. Pumzi iingie yenyewe, fupi ikiwa fupi, ndefu ikiwa ndefu; mafundisho yenyewe yanasema uijue tu kwamba ni ndefu au ni fupi. Hali hii huisha ndani ya dakika chache. Lakini kichwa cha mkaa nacho kinaweza kupoa ukitoka nje kwenye hewa safi, kwa hiyo usitumie nafuu hiyo kuvitofautisha: kama kulikuwa na jiko ndani, hesabu kwamba ni mkaa.

Unatetemeka

Mwili uliotulia hautengenezi joto la kutosha. Ukikaa saa kumi na moja alfajiri Makete au Njombe kwenye msimu wa umande unaoganda, utatetemeka hata uwe na moyo wa chuma. Hamisha muda. Hakuna aliyeandika kwamba ni lazima alfajiri. Saa nne asubuhi jua likiwa limepanda, au saa kumi na moja jioni kabla halijazama, panafaa vilevile. Wanaosisitiza alfajiri wengi wao wanaishi pwani.

Mguu unakufa ganzi, goti linauma

Haya ni mambo mawili, na yanatibiwa tofauti.

Ganzi kwa kawaida ni mshipa wa fahamu uliobanwa, ama chini ya kalio, ama upande wa nje wa goti pale penye kijifupa kinachotokeza. Ukinyoosha mguu, mchomochomo unakuja, kisha dakika chache baadaye umekwisha. Hilo halina madhara likitokea mara moja moja. Likitokea kila siku, umekaa chini mno. Nyonga zinatakiwa ziwe juu kuliko magoti. Kaa chini kama ulivyozoea, umwombe mtu akutazame kwa upande: magoti yakiwa yamening'inia hewani juu ya usawa wa kiuno, ongeza urefu. Mto mgumu uliojazwa sufi unafaa sana, na ukifika Japani utakuta mito ya watawa wa Zen, tawi la Ubuddha, nayo inajazwa sufi. Godoro la sponji halifai. Linadidimia, na baada ya dakika kumi uko sakafuni tena. Blanketi mbili nzito zilizokunjwa mara nne zinatosha kuanzia.

Kama huwezi kukunja miguu, piga magoti ukiwa umekalia kigoda kifupi, miguu ikipita pembeni au chini yake. Nenda sokoni Soweto au Mwanjelwa ukawatazame akina mama wanaochambua maharage. Yuko mmoja mzee ambaye huwa namtazama kila nikipita. Kigoda chake hakizidi shubiri moja na nusu, amekalia ukingo wa mbele, magoti yameshuka, ungo uko mapajani. Mikono inakimbia, macho yako kwenye punje, na mgongo umesimama wima kuanzia kiunoni bila kuegemea popote. Siku moja nilimwamkia shikamoo bibi, nikamuuliza kama hachoki. Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Ukikaa katikati ya kigoda utachoka. Kaa mbele." Nimewapa watu wengi ushauri huo tangu siku ile. Ukikaa ukingoni, kiuno kinainama kidogo mbele na uti wa mgongo unajipanga wenyewe. Ukikaa katikati au nyuma, kiuno kinaangukia nyuma, mgongo unapinda, na dakika ishirini baadaye unalalamikia mabega.

Kiti cha kawaida nacho ni halali. Nyayo zote mbili sakafuni, usiegemee kama unaweza. Wabuddha wanazitambua hali nne za mwili za kufanyia zoezi hili: kutembea, kusimama, kukaa na kulala. Anayekuambia kwamba bila kukunja miguu hujafanya kitu anakufundisha sarakasi.

Sasa goti. Maumivu makali ndani ya goti, yanayochoma au yanayovuta, ni amri ya kuacha. Goti limeumbwa kukunja na kukunjua, halikuumbwa kuzungushwa. Mzunguko unatakiwa utoke kwenye nyonga. Nyonga ikiwa ngumu na ukalazimisha, goti ndilo litakalolipa. Na kama baada ya kukaa unashindwa kuinua wayo, unaburuzika unapotembea na hali hiyo haiondoki, muone daktari. Wenye kisukari wakae kwenye kiti bila mjadala, maana ganzi yao wanaweza wasiisikie mapema.

Muwasho wa pua, mate kujaa mdomoni, kikohozi cha vumbi la kiangazi: meza, kohoa, jikune, endelea.

Unasinzia

Mmoja wa wanafunzi wakuu wa Buddha, Moggallana, alikuwa akisinzia kwenye kutafakari. Buddha alimpa orodha ya dawa, moja ikishindikana unakwenda nyingine: abadilishe kile anachokizingatia; ayakumbuke mafundisho aliyoyasikia; ayakariri; avute masikio na kusugua viungo kwa viganja; asimame, anawe macho kwa maji, atazame pande zote na nyota; afikirie mwanga; atembee huku na huko. Na yote yakishindikana, alale ubavu wa kulia akiwa amekusudia saa ya kuamka. Naipenda orodha hiyo kwa sababu imeishia kitandani. Hata mtu wa kiwango chake aliruhusiwa kulala.

Maji ya kunawa uso hapa Mbeya mwezi wa saba yanatosha kumwamsha yeyote. Lakini kabla ya maji, jiulize chanzo. Umetoka kula? Subiri saa mbili. Umejifunika gubigubi na macho umefumba? Funua kichwa, fungua macho nusu, tazama sakafu hatua moja mbele yako. Umelala saa nne tu kwa sababu ya msimu wa kuvuna, mtoto mchanga au basi la usiku? Basi una deni la usingizi, na deni hilo halilipwi kwa kukaa wima. Kalale.

Yuko pia yule anayelala saa nane nzima na bado anasinzia kila akikaa, kila akipanda daladala, kila ibada. Kama mwenzake analalamika kwamba anakoroma na kukatika pumzi usiku, huyo anamhitaji daktari.

Akili inakimbia

Sasa tufike kwenye akili. Ukishaondoa baridi, goti, njaa na usingizi, kinachobaki hugawanyika mara mbili, na ni muhimu ujue unasumbuliwa na kipi.

Cha kwanza ni mawazo ya kawaida: wimbo, mechi, maneno ya jirani, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa upande wa pili wa ukuta. Hayo si tatizo. Akili kutoka na wewe kuirudisha ndilo zoezi lenyewe, na aliyerudi mara mia amefanya kazi kuliko aliyekaa amezubaa. Kama unarudi lakini hudumu hata pumzi tatu, hesabu. Pumzi ikitoka, moja. Ikitoka tena, mbili. Buddhaghosa, mwalimu aliyeandika Sri Lanka karne ya 5, alishauri hesabu isipungue tano na isizidi kumi, kisha uanze upya. Ikipungua tano akili inabanwa sehemu ndogo, ikizidi kumi inaanza kushughulikia namba badala ya pumzi. Ukijikuta umefika kumi na saba, unajua umelala njiani. Rudi moja, bila kujitukana.

Cha pili ni wazo moja linalorudi kila siku kwa sura ileile. Huyu ana marejesho ya mkopo wa kausha damu Ijumaa. Yule amemdanganya mkewe. Mwingine hajui mahindi atayauza bei gani wala mbolea ataipata wapi. Katika vizuizi vitano vya kutafakari ambavyo Buddha alivitaja, yaani tamaa, chuki, uzito na usingizi, mahangaiko na majuto, na shaka, hiki ni cha nne, na hakiondoki kwa kuhesabu pumzi. Kinaondoka, au angalau kinapungua, ukiwa umesimama: kwa kwenda kuongea na mdai, kwa kuomba radhi, kwa kuandika hesabu yako kwenye daftari. Weka karatasi na kalamu pembeni. Wazo likija mara ya tatu, liandike kwa maneno matano, rudi kwenye pumzi, na baada ya kikao lifanyie kazi. Mtu anayetumia kutafakari kukwepa madai atakuwa na madai na mgongo unaouma.

Ndiyo maana zoezi hili kwa Wabuddha halisimami peke yake. Linakwenda na maadili matano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokulewa. Ukiyatazama kwa jicho la fundi, hayo ni matengenezo ya kuzuia hitilafu. Aliyelewa jana kwenye komoni na kugombana njiani hakai vizuri leo.

Simu nayo. Izime, usiiache kimyakimya mfukoni, na usiiangalie robo saa kabla ya kukaa. Kelele za nje, bajaji, spika za mkesha, mvua ya Tukuyu inayopiga bati hadi humsikii aliye pembeni yako, zichukue hizohizo kama kitu cha kusikiliza badala ya pumzi. Sauti inakuja, sauti inapita. Usiandike hadithi juu ya mwenye baa.

Unakaza mno

Dalili zake: maumivu katikati ya nyusi, taya limefungwa, mabega yako masikioni, na ukimaliza umechoka kuliko ulivyoanza. Sona, mwanafunzi mwingine wa Buddha, alitembea akitafakari hadi nyayo zikatoka damu, akataka kuacha utawa arudi nyumbani. Kabla ya utawa alikuwa mpiga kinanda cha nyuzi. Buddha akamuuliza: nyuzi zikikazwa mno, kinanda kinalia vizuri? Hapana. Zikilegea mno? Hapana. Wahehe wenye kulijua ligombo, kinanda chao cha nyuzi, hawahitaji maelezo zaidi. Legeza taya, acha ulimi ukae nyuma ya meno ya juu, punguza muda nusu kwa wiki moja.

Hasira zinapanda

Kuna wanaokaa kimya na mara wanamkumbuka shemeji. Pumzi haisaidii sana hapo. Badili zoezi: jitakie heri wewe mwenyewe kwanza, kisha mtu unayempenda, kisha mtu usiye na habari naye, labda konda wa jana, na mwisho kabisa huyo shemeji. Asipopita, mruke, jaribu wiki ijayo.

Mwili unakuwa mkubwa, unaelea, unaona mwanga, unalia

Hapa ndipo watu huogopa, na ndipo maneno ya mtaani yanapoharibu. Mmoja ataambiwa ameingiliwa na pepo, mwingine ataambiwa ana karama. Mwili usiosogea kwa muda mrefu hupeleka taarifa chache kwenye ubongo, na mikono inaweza kuonekana minene, mirefu au haipo. Kushtuka ghafla ni kushtuka kulekule kwa mtu anayeingia usingizini. Mwanga mbele ya macho yaliyofumbwa unajulikana sana kwa Wabuddha. Wanauhesabu kuwa dalili ya akili inayokusanyika, na wanaoanza huambiwa wauache, warudi kwenye pumzi. Machozi nayo hutoka kwa waliobeba msiba bila nafasi ya kulia. Ukiogopa, fungua macho, weka viganja sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona.

Kuna mpaka, hata hivyo, na usiuvuke. Kama unasikia sauti, hulali usiku kadhaa mfululizo huku hujisikii kuchoka, moyo unakwenda mbio kila ukikaa, au picha za jambo baya lililokupata zinarudi kwa nguvu, acha kukaa. Tembea, fanya kazi za mikono, uwe na watu, na uende kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa. Anayetumia dawa za ugonjwa wa akili au kifafa asiziache kwa sababu ametulia wiki mbili. Kukaza meno hapa si ushujaa.

"Mchungaji atanisema"

Swali hili nalipata zaidi kuliko la magoti, na lina haki yake kwenye nchi ya Wamoraviani, Walutheri na Wakatoliki, na Waislamu pia. Wako wanaojibu kwamba haya ni mazoezi tu, hayana dini. Mimi sijibu hivyo. Kufuatilia pumzi hakukutaki usali kwa yeyote, hakuna sanamu wala jina la kutaja. Lakini zoezi limetoka kwenye njia yenye lengo lake, kukomesha mateso kwa kuondoa tamaa na ujinga, na ni heshima kusema hivyo. Wakristo na Waislamu wengi duniani wanatumia sehemu ya kutuliza na kuacha mengine. Wewe amua kwa macho wazi, na ukiwa na mashaka zungumza na kiongozi wako wa dini badala ya kujificha. Anayekaa huku sikio liko mlangoni hatatulia. Na anayetaka kuusikia Ubuddha kwa Wabuddha wenyewe, hekalu lao lipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, lilianzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka.

Hakuna kinachotokea

Huelewi kama unaumwa wala kama unafaidi. Unakaa, unahesabu, unanyanyuka, basi. Kwanza hakiki kwamba unakaa kweli: dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili. Pili, usipime wakati wa kikao. Pima jioni, mtoto akimwaga chai, au konda akikurushia chenji pungufu. Muulize aliye nyumbani kwako kama ameona tofauti. Yeye hana sababu ya kukupamba.

Tatu, inawezekana mwili wako ni wa kutembea. Chagua kijia cha hatua ishirini au thelathini kilichonyooka, kati ya mistari ya chai, pembeni ya shamba la viazi, hata uani. Nenda hadi mwisho, simama, geuka, rudi. Angalizo liwe kwenye nyayo: unyanyuo, mpito, mkanyago. Usitafute kasi ya konokono. Kasi ya mtu asiye na haraka inatosha. Wakulima wengi huanza kutulia hapa, maana baada ya siku nzima ya jembe kuwakalisha ni kuwalaza.

Na unapojaribu marekebisho yoyote niliyoyataja, badilisha kitu kimoja kwa wiki. Ukibadili muda, mto, mkao na zoezi siku moja, halafu ukatulia, hutajua ni kipi kilichofanya kazi, na siku kikiharibika utaanza upya.